Jinsi ya kutafuta uduvi na kamba katika vijito vya Uganda: mwongozo wa anayeanza

Maswali ninayoletewa ni yale yale. La kwanza: "Nimekaa kijitoni saa nzima na sijaona hata uduvi mmoja, ina maana hawapo?" La pili: "Wale niliowatia chupani wamegeuka weupe, nimekosea wapi?" La tatu haliji kama swali. Inakuja picha nzuri ya mnyama, imepigwa kwa uangalifu, lakini haina jina la kijito, haina tarehe, wala haisemi mtu alitafuta kwa muda gani. Hiyo ya tatu huniuma kuliko zote, maana kazi imefanyika na haiwezi kutumika.

Nimeandika mwongozo huu kwa wanafunzi, walimu, wavuvi, na yeyote anayeishi karibu na kijito na kutaka kujua kina nini ndani yake. Huhitaji shahada. Unahitaji wavu, penseli na subira. Lengo ni moja: mtu mwingine aweze kurudi mahali ulipokuwa, afanye ulivyofanya, na alinganishe alichokipata na ulichokipata wewe.

Unaowatafuta ni akina nani

Fungua gunia la mukene (dagaa) sokoni. Katikati ya wale samaki wadogo utaona vijinyama vyepesi vya rangi ya waridi, vimejipinda, vina ndevu ndefu. Hao ni uduvi wa Ziwa Victoria, jina lao la kisayansi Caridina nilotica. Mkubwa wao hafiki urefu wa viungo viwili vya kidole. Wakiwa hai hawana rangi ya waridi, wanapenyeza mwanga kama kioo, na ndiyo sababu unaweza kuwatazama bila kuwaona. Watu hudhani ni wa ziwani tu, lakini hukaa pia mitoni na kwenye vijito vinavyotembea taratibu, ndani ya mizizi na majani. Kila mmoja ana vibano vidogo vyenye nywele kama brashi, navyo hufagia mwani na uozo kutoka kwenye majani.

Kamba wenyewe, wale wakubwa, ni jamaa nyingine. Macrobrachium niloticum anajulikana Ziwa Albert na mto Nile. Utamtambua kwa jozi ya pili ya miguu: mirefu, yenye vibano vinavyoonekana wazi. Usitarajie kwamba aliye Ziwa Albert lazima awe pia Ziwa Victoria kwa kuwa maji ni ya Nile moja. Maporomoko ya Murchison, ambako mto wote unajibana kwenye mwanya wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43, ni ukuta kwa viumbe wengi wa majini. Sangara mwenyewe hakuwa juu ya maporomoko hayo mpaka watu walipompandikiza katika karne iliyopita.

Ukipanda vilima vya Elgon au Rwenzori, kwenye maji baridi yanayokimbia juu ya mawe, mara nyingi utakutana na kaa wa jamii ya Potamonautes badala ya uduvi. Mwandike. Kaa hawa wana uzito wao katika historia ya afya: viluwiluwi wa usubi aina ya Simulium neavei, anayeeneza upofu wa mtoni, hukua wakiwa wamejibandika juu ya gamba la kaa.

Na ukiwa Ziwa Bunyonyi, yule mwekundu mwenye vibano vinene anayeliwa hotelini si kamba wa hapa. Ni krefishi, asili yake Marekani, aliletwa na watu. Usimhamishe hata mmoja kwenda kijito kingine.

Vitu vya kuwa navyo

- Wavu wa mkono wenye fremu ngumu na mpini. Fremu ya nondo nyembamba yenye upana wa sentimita 30 inatosha. Matundu yawe ya milimita 1 hivi.
- Beseni jeupe la plastiki. Jeupe kweli; kwenye beseni la buluu au kijani hutawaona.
- Ndoo mbili zenye mifuniko.
- Buti za mpira zinazofika magotini, au zaidi.
- Futi ya kupimia, rula ya milimita, kipimajoto cha maji, saa au simu.
- Chungwa moja. Utaona kazi yake.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino iache nyumbani.
- Vichupa vyenye mifuniko inayobana, na spiriti ya asilimia 70 au zaidi.
- Tochi ya kichwani, kama utakwenda usiku.
- Mwenzako. Hiki si cha hiari.

Kuhusu usalama nitasema kwa ufupi ila kwa uzito. Kichocho kipo kando ya maziwa yetu na kwenye maji mengi yaliyotulia. Vimelea vyake hutoka kwa konokono mchana, zaidi jua likiwa kali, kwa hiyo anza asubuhi mapema, vaa buti, na usiingie mikono mitupu bila sababu. Ukipata homa au tumbo likasumbua wiki kadhaa baadaye, mwambie mhudumu wa afya kwamba ulikuwa majini. Chini ya Murchison na kandokando ya Ziwa Albert kuna mamba na viboko. Huko usitumbukize mguu bila mtu anayepajua. Na kwenye mito inayoshuka milimani, mvua inaweza kunyesha juu huku kwako kukiwa kweupe. Maji yakibadilika rangi ghafla au yakianza kuleta vijiti na majani, toka. Watu wa Kasese wanayajua mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2013.

Hatua kwa hatua

1. Piga hodi kwanza. Nenda kwa mwenyekiti wa LC 1 (baraza la kijiji), jieleze, mwonyeshe wavu. Kisha mwone mwenye shamba linalopakana na kijito. Wazee wakikuuliza "mwanangu, unatafuta nini majini?", wajibu kwa utulivu na uwasikilize, kwa kuwa wao ndio watakaokuambia kijito kilikauka lini na nani anaoshea dawa ya kupe hapo. Ndani ya mbuga unahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori, ndani ya msitu wa hifadhi cha mamlaka ya misitu. Ikiwa ni utafiti rasmi, pitia Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kando ya ziwa kuna doria za uvuvi, na wavu wa matundu madogo mkononi mwa mgeni huleta maswali. Beba barua.

2. Chagua kipande cha mita 100. Pima kwa futi au kwa hatua, weka alama kwenye mti wa mwanzo na wa mwisho. Ndani ya mita hizo tafuta maficho ya aina tatu au nne: mizizi inayoning'inia ukingoni, mafunjo na nyasi zilizoinamia maji, majani yaliyooza chini ya kidimbwi, na mawe penye mkondo.

Kosa kubwa hapa ni daraja. Wanaoanza karibu wote huchukua sampuli chini ya daraja, kwa kuwa ndipo bodaboda inapowashusha. Lakini ndipo pikipiki zinapooshwa, ndipo sabuni na oili vinapoingia, ndipo udongo wa barabara unapomwagika. Utakachopata ni habari za daraja. Tembea angalau mita 200 kwenda juu ya mkondo, kisha anza.

3. Jaza daftari kabla ya kulowesha wavu. Tarehe, saa, jina la kijito kama wenyeji wanavyoliita, kijiji, parokia, wilaya, mwinuko, na nukta za ramani kutoka kwenye simu. Hapa nakuomba uwe makini sana. Ikweta inapita katikati ya nchi yetu. Tororo iko kaskazini yake, Masaka iko kusini. Ukiwa kusini, nambari ya kwanza lazima iwe na alama ya kutoa mbele yake. Ukiisahau kwenye kijito cha Masaka, ramani itakibeba kijito chako na kukitua kaskazini ya ikweta, huko kati ya Mityana na Mubende, na hakuna atakayegundua. Nimeona orodha nzima za mwaka mmoja zikiwa na kosa hilo moja.

Andika pia mambo unayoyaona: kivuli cha miti au jua tupu, mashamba yanafika umbali gani kutoka ukingoni, kuna ng'ombe wanaokunywa, kuna matofali yanachomwa. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinataka mita 30 zisizolimwa kandokando ya mito midogo, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa. Pima kilichopo hasa.

4. Pima maji. Joto lipime kivulini, kipimajoto kikiwa ndani ya maji unapokisoma. Kina kipime sehemu tano za upana, uchukue wastani. Kwa kasi ya mkondo, chungwa ndilo bora: linaelea nusu limezama, kwa hiyo upepo haulisukumi kama jani. Liachie, lipimie muda kwa mita 10. Likitumia sekunde 40, uso wa maji unakwenda mita 0.25 kwa sekunde. Chini maji ni ya polepole zaidi, kwa hiyo zidisha kwa 0.85, upate 0.21. Rudia mara tatu. Uduvi hawapendi kung'ang'ana na mkondo mkali, na nambari hii itakueleza mengi baadaye.

5. Chota ukienda juu ya mkondo. Anzia chini, panda juu, ili tope unalolivuruga liende nyuma yako. Weka mdomo wa wavu chini ya mizizi, uguse ukingo, kisha itikise mizizi kwa nguvu na kuinua wavu kwa mwendo mmoja wa mita moja hivi. Huo ni mchoto mmoja. Fanya michoto 20, ukiigawa sawasawa kwenye maficho uliyoyachagua: ukiwa na manne, kila ficho michoto 5.

Usiongeze mchoto wa 21 kwa sababu umefurahi, wala usiishie wa 12 kwa sababu hupati kitu. Ishirini iwe ishirini kila mahali, la sivyo vijito viwili haviwezi kulinganishwa.

Kosa lingine ni kupitisha wavu katikati ya maji wazi, kama unayemfukuza samaki. Uduvi yuko pembeni, ameshika uzi wa mzizi.

6. Mimina kwenye beseni na usubiri. Tia maji safi ya kijito sentimita 2 tu, mimina ulichochota, kisha usiguse kwa dakika mbili. Takataka zitatulia na wanyama wataanza kutembea. Uduvi akiguswa huruka kinyumenyume kwa kupiga mkia. Hakuna mdudu wa majini atakayekufanyia hivyo. Mtoto wa kereng'ende ana miguu sita na huchupa mbele. Uduvi ana macho yaliyosimama kwenye vijiti, jozi mbili za ndevu, na mwiba kichwani wenye meno kama msumeno.

7. Hesabu, pima, piga picha. Hesabu kila ficho peke yake. Usijumlishe ukiwa kijitoni, jumlisha nyumbani. Tazama chini ya tumbo la kila mmoja: mwenye mayai ana shada la punje za kijani au kahawia. Waandike wenye mayai kando, kwa sababu ukiwapata mwezi baada ya mwezi utajua wanazaa wakati gani hapo kwako. Wapime kumi kwa rula, kutoka nyuma ya tundu la jicho hadi mwisho wa gamba la kichwa. Usipime hadi mkiani, mkia hupinda na kudanganya.

Picha mbili zinatosha: ubavuni na kwa juu, rula ikiwa ndani ya picha. Ya ubavuni ionyeshe wazi meno ya ule mwiba, juu na chini. Ndiyo picha mtaalamu atakayoiomba kwanza.

Rekodi nzuri inafanana na hii, ambayo ni mfano tu: *michoto 20, mizizi 5, uduvi 22, wenye mayai 4, mafunjo 5, uduvi 14, wenye mayai 1, majani yaliyooza 5, uduvi 1, mawe 5, uduvi 0, kaa 2.* Jumla 37, yaani uduvi 1.85 kwa kila mchoto. Angalia ile sifuri. Nafasi iliyoachwa wazi haisemi kama ulitafuta ukakosa au hukutafuta. Sifuri inasema, na ina thamani sawa na 22.

8. Rudi usiku, au tega. Penye samaki wengi uduvi na kamba hujificha mchana na kutoka gizani. Huku kwetu jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo saa mbili usiku ni wakati mzuri. Macho ya kamba hurudisha mwanga wa tochi kama makaa madogo.

Mtego ni rahisi: kata shingo ya chupa ya plastiki ya lita 1.5, igeuze iingie ndani, ishone kwa waya, toboa matundu madogo, weka jiwe la uzito na tonge la posho (ugali) lililochanganywa na mukene iliyosagwa. Fungia mzizini kwa uzi wa nailoni, mdomo ukielekea chini ya mkondo, kwa kuwa harufu hupelekwa huko na mnyama huifuata akipanda. Tega mitano, itegue asubuhi, ihesabu yote. Mtego uliosahaulika huendelea kuua.

9. Chukua wachache, rudisha wengine. Wanne au watano kwa kila kijito wanatosha kuthibitisha aina. Wenye mayai warudishe, pale pale ulipowatoa. Wa kuhifadhi watie kwenye spiriti, sehemu tatu za spiriti kwa moja ya mnyama, na ubadilishe spiriti baada ya siku moja maana miili yao huizimua. Waragi haifai: ina pombe takriban asilimia 40 na watakuozea humo. Formalini nayo iepuke, ni hatari kwako na huharibu vinasaba.

Kikaratasi chenye kijito, tarehe na namba ya daftari kiingie *ndani* ya kichupa, kimeandikwa kwa penseli. Miaka ya mwanzo niliandika kwa kalamu ya wino, na spiriti ikayeyusha maandishi yote. Nilibaki na vichupa 14 vya uduvi wasio na kwao. Niliwatupa, na mpaka leo najua niliwaua bure.

10. Kausha kila kitu. Sugua buti na wavu, vianike juani mpaka vikauke kabisa kabla ya kwenda kijito kingine. Magonjwa na mayai ya konokono husafiri kwa wavu mbichi.

Mambo yakikwama

*Sijapata hata mmoja.* Andika 0, kisha jiulize mambo matatu. Je, mvua kubwa ilinyesha wiki hiyo? Mafuriko huwazoa, rudi maji yakitulia, na linganisha kiangazi na kiangazi, masika na masika. Je, ulichota mizizini au katikati? Je, juu ya mkondo kuna mahali ng'ombe wananyunyiziwa dawa ya kupe, au bustani ya nyanya inayopigwa dawa? Dawa za wadudu huua jamii ya uduvi kwa kiasi kidogo sana, mara nyingi samaki wakiwa bado wazima. Ukikuta mizizi mizuri, maji mapole, na hakuna uduvi wala watoto wa wadudu, tembea kwenda juu ukichota kila mita 100 mpaka wanapoanza kuonekana. Mpaka huo uweke kwenye ramani, kisha umpelekee mwenyekiti na ofisa wa mazingira wa wilaya.

*Wamegeuka weupe.* Ndani ya spiriti ni kawaida, rangi haikai. Ndiyo maana picha hutangulia. Ndani ya ndoo, wanakufa kwa joto na kukosa hewa. Weka ndoo kivulini, wasizidi ishirini, badilisha maji kila robo saa.

*Nimekuta uduvi mtupu, mwepesi kama karatasi.* Ni gamba lililovuliwa. Wanapokua hulivua, na mwenyewe yuko karibu, laini, amejificha. Usilihesabu.

*Wavu unajaa tope.* Unakwaruza sakafu. Inua sentimita tano.

*Mtego una samaki tu, au una vipande vya miguu.* Samaki ameingia akawala. Punguza mdomo wa chupa ubaki sentimita 2, ila ujue hapo utawakosa kamba wakubwa. Andika upana uliotumia.

*Watoto wamejaa ukingoni.* Wape kazi ya kuhesabu kwa sauti huku wewe ukichota, wakiwa nchi kavu. Ni makarani wazuri, na ndio watakaokuambia kesho kwamba mtu amemwaga sumu ya kuvulia samaki.

*Nataka kuwafuga, nitoe mbegu kijitoni?* Kamba mkubwa anayefugwa duniani, Macrobrachium rosenbergii, ni wa Asia, na watoto wake wachanga hawaishi bila maji yenye chumvi kiasi. Kijito chako hakina chumvi hiyo, na hata ingekuwapo, mgeni huyo haruhusiwi kuachiwa mtoni. Zungumza na ofisa uvuvi wa wilaya kabla ya kuchimba bwawa.

*Sijui ni aina gani.* Usikisie. Andika "uduvi, aina haijatambuliwa", ambatanisha picha ya ubavuni na kichupa, na upeleke kwa wataalamu wa taasisi ya utafiti wa uvuvi kule Jinja au idara ya wanyama Makerere. Jina linaweza kuja mwaka ujao. Tarehe na mahali haviji tena usipoviandika leo.